Habari Nzima, Kisha Maziwa

Ikiwa unasoma haya ukiwa kwenye benchi la hospitali, umeshika kadi ya kliniki kwa mkono mmoja kwa sababu ule mwingine umegoma, na maneno yamejaa kichwani lakini kinywani hayafiki, basi nimekuandikia wewe. Kama mgonjwa ni mume au mama yako, msomee polepole. Sitakueleza habari za mishipa ya ubongo wala dawa, kwa sababu hayo madaktari wanayajua na mimi siyajui. Nitakueleza habari za benchi, za mguu, za mume wangu, na za mwanamke mmoja muuza maziwa ambaye namheshimu kuliko wasomi wote wa lugha niliowahi kukutana nao.

Nilikuwa mwalimu wa Kiswahili katika shule ya msingi hapa Kitengela, miaka ya tisini ilipokuwa ikielekea ukingoni. Kwetu ni Bungoma. Tulihamia Noonkopir kwa sababu mume wangu, Baba Simiyu, alipata kazi ya ukarani Athi River. Kiswahili nilikipenda kwa wivu, kama wanavyopenda watu waliokipata shuleni na si kwa mama. Mtu akisema "kitabu yangu" mbele yangu nilihisi amenikanyaga kidole. Niliwasahihisha wanafunzi, nikawasahihisha wazazi wao, na Jumapili moja nilimsahihisha mchungaji katikati ya matangazo. Hata Mama Naserian, aliyetuletea maziwa kila asubuhi kutoka boma lao kule mbugani, sikumwacha.

"Mwalimu, leo maziwa iko kidogo," aliniambia siku moja. "Ng'ombe imekataa."

"Ng'ombe amekataa," nikasema.

"Haya, amekataa." Akamimina. "Lakini bado iko kidogo."

Kisa hicho nilikisimulia ofisini kwa walimu wenzangu, tukacheka mpaka kengele ikalia. Nakitaja mapema ili ujue aliyeangushwa na ugonjwa alikuwa mtu wa namna gani.

Ulikuwa msimu wa mvua, mwaka ule iliponyesha mpaka udongo mweusi wa Kitengela ukawa unavua watu viatu. Nilikuwa mbele ya darasa la saba, somo ni mnyambuliko wa vitenzi, somo nililolipenda kuliko yote. Nilifurahia kuwaonyesha watoto jinsi neno dogo linavyovishwa kipande mbele na kipande nyuma likabeba sentensi nzima: nani ametenda, lini, na nani ametendewa. Ubaoni nilikuwa nimeandika cheza, chezea, chezeka, chezesha. Nilipotaka kuandika neno la tano, chaki ikaanguka. Nikainama kuiokota, mkono wa kulia ukanikatalia. Nikataka kuwaambia watoto watulie, nikausikia mdomo wangu ukisema "kaa, kaa, kaa". Walicheka wakidhani ni sehemu ya somo, kisha wakaacha kucheka.

Daktari alisema ni kiharusi. Wodini nilikaa wiki tatu, na niliporudi nyumbani nilikuwa na mwili ambao sikuufahamu. Mdomo ulikuwa umevutwa upande. Mkono ulining'inia. Mguu ulitembea kwa kuchora nusu duara, na kwa kuwa mvua ilikuwa bado inanyesha, ulirudi na tope la kutosha kusiriba ukuta. Ugali ulikuwa ukijificha kwenye shavu la kulia bila mimi kujua, nikautoa kwa kidole saa moja baada ya chakula. Binti yangu aliniogesha huku akiangalia pembeni. Niliona aibu kubwa, na yeye pia.

Maneno yalirudi kidogo kidogo, lakini yalirudi uchi. Nilikuwa na lala, leta, kula, kichwa, mvua. Vile vipande vya mbele na nyuma nilivyovifundisha kwa miaka kumi na minne vilikuwa vimekwenda vyote. Sikuweza kusema kama jambo limepita au linakuja, kama ni langu au lako. Sauti nayo ilikuwa imelala, haikupanda kuuliza wala kushuka kubembeleza. Na Kiswahili kikivuliwa vipande hivyo hubaki amri tupu. Leta. Funga. Njoo. Watoto walinitii kama askari. Siku moja Simiyu alikuja na cheti cha shule, ameshika namba tatu, nami nikataka kumwambia nimefurahi. Likatoka neno moja kavu: "Furahi." Mtoto akajitahidi kutabasamu kwa sababu mama ameamuru. Nililia siku hiyo mpaka nikachoka.

Kliniki ilikuwa kila Alhamisi, Nairobi. Tulifika kukiwa na baridi na kuketi kwenye mabenchi marefu, tukisogea kadiri foleni ilivyosogea, mpaka nguo zilikuwa zimeyang'arisha yale mabenchi. Mazoezi yenyewe yalikuwa ya robo saa, ya kufinya mpira na kupandisha ngazi tatu za mbao. Kungoja kulikuwa kwa siku nzima. Lakini ni kwenye benchi hilo nilipokutana na mzee aliyebakiwa na neno moja tu. Neno lenyewe lilikuwa "Jumapili". Hakuna aliyejua kwa nini ugonjwa ulimwachia hilo na kumnyang'anya mengine yote.

Mzee huyo alilitumia. Alimwuliza muuguzi foleni imefika wapi kwa "Jumapili" iliyopanda mwishoni. Alimkaripia kijana aliyemkanyaga kwa "Jumapili" nzito ya kifuani. Aliona mwanamke mnene akijibana kwenye nafasi ndogo, akasema "Jumapili" kwa sauti ya umbea, benchi zima likacheka. Na mkewe alipomfunga kifungo cha shati, alimshukuru kwa "Jumapili" laini kiasi kwamba niligeuza uso, kana kwamba nimechungulia chumba cha watu. Mimi nilikuwa na maneno kama arobaini na nilishindwa kufanya alichofanya yeye kwa moja. Nilimwonea wivu, na nilimstaajabia kwa moyo wote. Somo la kupanda na kushuka kwa sauti nilikuwa nikilifundisha kipindi kimoja kwa mwaka, tena haraka haraka, kwa sababu haliji kwenye mtihani.

Baba Simiyu alikuwa mwema, na wema wake ndio ulionimaliza. Nikianza "ma...", analeta maji, na kama si maji analeta maziwa. Watu wa kanisa wakija kuniombea, wakiniuliza hali kwa kupiga kelele kana kwamba ni masikio yaliyougua, yeye huwajibu: anaendelea vizuri, anawashukuru sana. Mimi nilikuwa sijawashukuru. Alikuwa na haraka ya mtu anayetoka nyumbani alfajiri na kurudi giza limeingia, na aliniona nikitoka jasho kwa ajili ya neno moja, akaona heri anitue mzigo. Polepole nikaacha kufungua mdomo. Nyumbani kukawa na amani, nami niliichukia amani hiyo.

Ndipo barua ikaja. Likizo yangu ya ugonjwa ingefika mwisho, na mwezi wa pili wa mwaka uliofuata nilitakiwa kwenda Kajiado mbele ya jopo la madaktari. Wakiona siwezi kuongea mbele ya watu, nitastaafishwa. Nilikuwa na umri wa miaka arobaini na moja. Sikujua kazi nyingine, na sikutaka kuijua.

Sasa nifike kwa Mama Naserian. Kabla ya kuugua nilikuwa nikipokea maziwa yake mbiombio, kitabu cha maandalizi kwapani, yeye akianza salamu mimi nikiwa nimeshafika katikati ya uwanja. Asubuhi ya kwanza niliyoweza kufika mlangoni kwa mkongojo, nilimkuta amesimama na debe lake.

"Takwenya," akanisalimu, kama Wamaasai wanavyomsalimu mwanamke.

Jibu lake nilikuwa nimelitoa mara elfu bila kulifikiria, na bila kulifikiria likatoka tena, safi na zima: "Iko."

Nilitaka kucheka. Kwa Kimaasai hilo ni jibu la heshima, lakini ndilo neno lile lile nililokuwa nikilipiga vita kwenye Kiswahili cha watu wa Kitengela tangu nihamie, na sasa ndilo lililotangulia kurudi. Nikamsogezea sufuria. Mama Naserian hakumimina. Aliweka debe chini, akaketi kwenye kizingiti, akakunja shuka yake magotini.

"Leta habari," akasema.

Nikamwonyesha sufuria kwa kidole. Akaitazama, kisha akanitazama mimi.

"Sufuria haina habari. Wewe iko na habari."

Kama hujakaa na Wamaasai, huenda hujui jambo hili. Watu wawili wakikutana hawaulizani tu hali na kupita. Habari hutolewa, tangu mlivyoachana mpaka sasa, ndogo na kubwa kwa utaratibu wake, na wao husema kwamba habari huliwa. Anayepokea hadakii wala hasaidii. Kazi yake ni kuitikia "ee" kila kipande kinapotua, ili mwenzake ajue kimefika. Habari nusu hazipokelewi, maana mwenye kutoa nusu ameficha kitu kibaya.

"Lala," nikasema.

"Ee."

"Mimi. Lala."

"Ee."

"Mvua."

"Ee."

Zilikuwa "ee" tatu na hakuna iliyofanana na nyingine. Ya kwanza ilipanda, ikanivuta mbele. Ya pili ilikaa katikati ikingoja. Ya tatu ilishuka taratibu, maana mvua ile ilikuwa imechukua mbuzi wa watu. Nilipokwama, hakunipa neno. Alitazama nyumbu waliokuwa wakila majani nyuma ya nyumba za jirani, akangoja kama mtu asiye na safari. Habari yangu yote asubuhi ile ilikuwa ya maneno sita, na kuitoa kulichukua muda wa kuchambua maharagwe ya watu saba. Nilipomaliza, akasimama, akamimina maziwa, akaenda. Sidhani alikuwa ananitibu. Alikuwa anataka habari zake.

Ikawa hivyo kila asubuhi, mvua zikaisha, upepo wa mwezi wa saba ukaja na kupita. Sauti ndiyo iliyotangulia kuamka. Ilianza kuifuata ile "ee" ya Mama Naserian, ikipanda nayo na kushuka nayo, kabla ya vile vipande vya maneno kurudi hata kimoja.

Kisha nikaanguka. Ilikuwa Ijumaa, mguu ulijikwaa kwenye ngazi ya choo, na Jumamosi nilishinda kitandani na goti lililovimba. Baba Simiyu alikuwa nyumbani, na yeye ndiye aliyempokea Mama Naserian. Alikuwa amechoka, na kwa kunihurumia alimwambia kwa upole aache tu maziwa mlangoni, leo hapa hakuna habari. Mama Naserian alimtazama. Hakuuliza kitu. Alimimina, akafunika debe lake, akaenda.

Kwao nyumba haikatai kutoa habari hivi hivi. Nyumba iliyokataa ina msiba. Na marehemu hatajwi jina, kwa hiyo hakuweza hata kuuliza kama mwalimu amekufa.

Jumapili mchana mume wangu aliingia chumbani na uso wa mtu aliyepotea njia.

"Mama Simiyu, kuna wageni," akasema. "Mama Naserian na wazee wawili, wanawake. Nimewapa viti wamekataa, wamekaa chini. Wameleta maziwa kwa kibuyu na hawasemi kitu. Wanaangalia watoto, halafu wananiangalia mimi vile watu huangalia mtu amefiwa."

Nilielewa palepale. Hasira na kicheko vilinipanda kwa pamoja, na sijui ni kipi kilichoninyanyua. Nilishika mkongojo, nikaburuta mguu kupita sebuleni, nikatokea mlangoni na gauni la kulalia. Wale wanawake watatu wakainua macho. Mmoja akaziba mdomo kwa mkono.

"Sijafa," nikasema.

Nililisikia likitoka nikashtuka kuliko wao. Si lile neno tupu lililolala, bali neno lililovaa nguo zake zote: mimi, hapana, bado, kufa. Tena lilitoka na sauti yake, limepanda mwanzoni kwa hasira na kutua mwishoni kwa uhakika. Miaka kumi na minne nilikuwa nikiandika maneno kama hayo ubaoni kwa chaki za rangi tatu, na sikuwahi kujua ni kazi kubwa kiasi gani inayofanywa na kile kipande kidogo cha katikati, kinachosema jambo halijawa na wakati huohuo kukubali kwamba litakuja kuwa. Nilisimama mlangoni nikiionea fahari lugha ya watu kama niliyeiunda mimi.

Mama Naserian alinitazama. Hakushangaa hata kidogo.

"Ee," akasema, akingoja niendelee.

Tulicheka wote mpaka yule bibi aliyeziba mdomo akajifuta machozi. Baba Simiyu hakucheka. Aliketi kwenye kizingiti akalia waziwazi mbele ya wanawake wanne, jambo ambalo sijawahi kuliona kwa mwanamume wa kwetu. Mama Naserian alimwacha amalize, kisha akamwambia bila ukali.

"Wewe unatoa chakula kwa mdomo ya huyu mama kila siku. Mtu ukimnyang'anya chakula kila siku, atawacha kufungua mdomo."

Kuanzia hapo, kila Jumamosi mume wangu aliketi nasi mlangoni kujifunza kupokea habari. Alikuwa mwanafunzi mbovu. "Ee" yake iliruka kabla sijafika mwisho wa neno, na mara mbili tatu kila asubuhi alijikuta ameninyooshea neno ambalo sikuliomba. "Ee yako inakimbia," Mama Naserian alimwambia. Alivumilia kufundishwa na muuza maziwa, mtu mzima, karani mwenye tai, na kwa hilo nilimpenda upya.

Mvua za mwisho wa mwaka hazikuja. Nyumbu waliondoka, upepo ukaleta vumbi mpaka kwenye unga. Wanaume wa boma la akina Naserian walichukua ng'ombe wakaenda kutafuta majani upande wa Ewuaso Kedong, wakaacha wachache waliodhoofika mno kutembea. Asubuhi moja Mama Naserian alipoweka debe lake chini, lililia kama debe tupu. Siku ya pili likalia vilevile. Mwendo wa kutoka bomani kwao ni wa saa nzima. Nikamwuliza, kwa Kiswahili changu cha kuchechemea, kwa nini anakuja.

"Maziwa haiko," akasema. "Habari iko."

Kisha akaketi kwenye kizingiti.

Mwezi wa pili tukaenda Kajiado. Tulingoja kwenye ukumbi wenye joto, nikiyarudia majibu kimoyomoyo. Ndani walikuwa madaktari watatu nyuma ya meza. Waliniambia mume wangu anaweza kuketi nami. Yule wa katikati, mwanamke mwenye miwani, aliniomba nieleze kazi yangu.

"Ninafundisha Kiswahili," nikasema. Lilitoka vizuri. "Ninafundisha watoto wa darasa... wa darasa la..."

Namba ikapotea. Niliiona ubaoni, niliwaona watoto wenyewe, lakini jina lake halikuwepo. Kalamu ya yule daktari ikaacha kutembea. Pembeni yangu nilimsikia Baba Simiyu akivuta pumzi, na pumzi ile niliijua, ndiyo huvutwa kabla ya kunimalizia. Nilijua akisema hilo neno, hao watu watatu wataandika kwamba mwalimu huyu huongelewa na mumewe, na darasa langu litakuwa limekwisha. Nilifumba macho.

"Ee," akasema mume wangu.

Haikukimbia. Ilipanda pole pole na kukaa pale juu, ikiningoja, na hakuna mtu chumbani aliyeelewa ni nini isipokuwa sisi wawili.

"La saba," nikasema, nikaendelea mpaka mwisho.

Walinirudishia kazi, kwa majaribio ya muhula mmoja, na si darasa la saba bali la nne. Nililichukua kwa mikono miwili, mzima na mgonjwa.

Asubuhi iliyofuata Mama Naserian alikuwa mlangoni na debe lake tupu. Takwenya. Iko. Nikampa habari nzima tangu mwanzo, joto la ukumbini, miwani ya daktari, "ee" ya Baba Simiyu. Walinisikiliza, nikamwambia. Wamenirudishia darasa. Nitaanza Jumatatu. Wa, ni, li, me, ta, vyote vilikuwa vimerudi nyumbani, vingine vikichechemea, na yeye alivipokea kimoja kimoja. Nilipomaliza alitikisa kichwa kwa kuridhika, akainama kuokota debe.

Hapo ndipo nilipoona aibu yangu. Desturi ni kupokezana. Mwaka karibu mzima nilikuwa nimetoa habari zangu na sikuwa nimeomba zake hata mara moja, na yeye hakuwahi kunidai.

"Kaa, Mama Naserian," nikamwambia. "Leta zako."

Alitazama mbuga iliyokauka. Akaketi tena, akakunja shuka magotini.

"Ng'ombe imekufa," akasema.

Marekebisho yalinijia ulimini, naapa, kwa mazoea tu. Nilikuwa na vipande vyote sasa. Nikaviacha vilale.

"Ee," nikasema.

"Ile nyekundu. Ile ulikuwa unakunywa maziwa yake."

"Ee."

"Na mtoto yake."

"Ee," nikasema, nikaishusha taratibu, kama alivyonifundisha, nikangoja zilizobaki.